Nani Ashike Kisu Kwenye Harusi ya Mkristo wa Tanga?

Kwenye harusi nyingi za Kikristo mjini Tanga, iwe Chumbageni au Makorora, kamati humtafuta mchinjaji mapema kabisa. Huwa ni Mwislamu anayeaminika mtaani, anakuja alfajiri, anachinja, anaondoka, na pilau la mchana linaliwa na kila mtu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona jambo la kujadili hapo. Sasa vijana makanisani wanauliza, tena kwa uchungu: kwa nini Mkristo asichinje mnyama wake, kwa sherehe yake, uani kwake?

Swali hilo si la kiburi. Wengi wanaoliuliza ni watoto wa familia zilizohamia hapa kutoka bara. Kwa Mchaga, kuchinja mbuzi nyumbani Desemba ni jambo la ukoo, na nyama hugawanywa kwa kufuata umri na nafasi ya mtu. Ukimwambia baba wa namna hiyo akae kando, umemgusa mahali panapouma. Hoja wanazo pia. Agano Jipya halisemi popote mchinjaji awe nani. Kurani yenyewe, sura ya 5 aya ya 5, inasema chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ni halali kwa Waislamu. Tena wanakumbuka Februari 2013, ugomvi wa kuchinja ulipomwaga damu Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji akauawa. Tangu hapo wapo wanaoona kwamba kumwachia mwingine kisu ni kusalimu amri.

Nawasikia. Ila wanapowageukia wazee wetu wa hapa na kuwaita Wakristo vuguvugu, hapo wanawaonea.

Ukristo wa Tanga haukuanza jana. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa Magila, huko Muheza, tangu karne ya 19, na Walutheri wakafuata mjini na Usambara. Ulipokelewa na watu ambao ndugu zao walikuwa, au baadaye wakawa, Waislamu. Mpaka leo, katika koo za Wabondei na Wasambaa, utamkuta Petro na Athumani wamezaliwa tumbo moja. Kwa hiyo mgeni ambaye hawezi kula kibudu mara nyingi ndiye shangazi wa bwana harusi, au mjomba ambaye posa haikamiliki bila yeye. Mzee anayemwita mchinjaji anamfikiria huyo.

Wenzetu wanasema dawa ni rahisi: wapikiwe chungu chao kando. Hapa naomba tutulie kidogo, maana anayelisema hili mara nyingi hajawahi kukaa uani usiku wa kuamkia harusi. Pilau la watu mia tatu halipikwi na familia moja. Wanakuja akina mama wa mtaa mzima, wanachambua mchele, wanamenya vitunguu saumu, wanatwanga viungo, na walio wengi ni Waislamu. Masufuria makubwa na masinia ni ya kuazima, na kesho yake yatapikia hitima au maulidi. Nyama ikishatiliwa shaka, mwenye sufuria hawezi kuliazimisha. Mpishi hawezi kuonja mchuzi. Jirani aliyezoea kukesha jikoni anabaki kuja na bahasha, akae kwenye kiti cha plastiki, aonyeshwe meza ya “Waislamu”. Naye akiwa na msiba, wewe utakwenda jikoni kwake kwa uso gani? Chungu cha kando kinalisha mgeni, nakubali. Lakini kinamtoa uani, na huko uani ndiko tulikojuana.

Wapo wanaonijibu kwa Antiokia. Wagalatia sura ya 2 inaeleza jinsi mtume Paulo alivyompinga Petro huko uso kwa uso, kwa sababu Petro aliogopa watu wenye masharti ya chakula. Ni kweli, na andiko hilo ni zito. Lakini kosa la Petro lilikuwa kuondoka mezani, akawaacha wenzake wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wakila peke yao. Na katika Matendo 15, mitume waliwaomba hao hao wa mataifa wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Ombi hilo halikuwapunguzia wokovu hata chembe.

Mkristo akila nyama iliyochinjwa na Mwislamu hapotezi kitu katika imani yake. Mwislamu akila asichokiamini, ameumizwa dhamiri. Aya ile ya Kurani akaiamue na shehe wake. Si kazi yangu kumfundisha dini yake huku nimeshika kisu. Mwenye nafasi ya kuachia ni mimi, na kuachia kwa hiari ni unyenyekevu ule ule tunaohubiriwa kila Jumapili.

Neno hiari nalisisitiza. Siku mtu akija kumlazimisha Mkristo, au kumzuia asichinje mbuzi wa watoto wake nyumbani, vijana watakuwa na haki na nitasimama nao. Na familia itakayoamua baba achinje mwenyewe ina ruhusa hiyo. Iseme tu mapema, kabla masufuria hayajaazimwa, na imwambie shangazi kwa mdomo wake, asije kuambiwa na mgeni mwingine akiwa ameshatia tonge kinywani.