Baiskeli Niliyoibeba Mimi

Ndugu zangu, baiskeli hununuliwa ili imbebe mtu. Basi naomba mnieleze ilikuwaje siku ya kwanza ya likizo yangu ya kuendesha baiskeli Uholanzi ikaanza alfajiri na kuisha usiku nikiwa nimeibeba mimi, yenyewe imejilaza ndani ya boksi kama sultani kwenye machela.

Mkasa ulianza usiku wa kuamkia safari. Shirika la ndege lilikuwa limeagiza baiskeli ing'olewe pedali, usukani ugeuzwe ulale sambamba na fremu, na matairi yatolewe upepo. Pedali ya kulia ilitoka bila ugomvi. Ile ya kushoto niliishikia spana, nikavuta, nikaning'inia, nikaikanyaga kwa miguu miwili, nikaisemesha maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, hadi saa sita usiku nilipokumbuka kwamba pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande uleule ambao vitu vingine vyote hukazwa. Kwa saa nzima nilikuwa naikaza! Mafundi husema imetengenezwa hivyo ili isijilegeze yenyewe mtu anapoendesha, nami nawaamini, maana hata kwa kubembelezwa haikutaka kulegea.

Kuhusu upepo, nilikuwa na hoja. Chumba cha mizigo cha ndege ya abiria huwekewa shinikizo la hewa kama lile la kule juu tunakoketi, kwa hiyo tairi zima halina sababu ya kupasuka humo. Nilimweleza hayo dada wa kaunta kwa ufasaha ambao sijawahi kuupata hata nikihutubia harusini. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo umetoa upepo, kaka?" Nikasema nimetoa.

Boksi halikuenea kwenye mkanda wa mizigo, nikaelekezwa kaunta ya mizigo mikubwa, ambayo bila shaka ilikuwa upande wa pili wa jengo. Nikaenda ubavu ubavu kama kaa, kwa sababu boksi lililolazwa juu ya toroli lilikuwa pana kuliko kila mlango uliokuwa mbele yetu.

Nilipolikabidhi nilihisi mwepesi kama unyoya, nikaenda kwenye ukaguzi nikipiga mluzi. Mluzi huo ulikatika mashine ya eksirei iliposimama. Ndani ya begi langu la mkononi kulikuwa na ile spana ya pedali, yenye urefu wa sentimita 30, niliyoitupia humo usiku kwa usingizi na hasira. Ikachukuliwa. Kisha ikatolewa kopo ya krimu. Sheria ya vimiminika, ambayo imetuandama tangu mwaka 2006, inaruhusu mililita 100, na kopo yangu ilikuwa ya 150. Nilimwonesha afisa kwamba imebaki nusu, lakini sheria hiyo huangalia ukubwa wa chombo, haiangalii kilichomo. Hapo tungeweza kuachana kwa amani. Yeye akauliza krimu hiyo ni ya nini. Nikasema ni ya kuzuia michubuko inayoletwa na tandiko la baiskeli. Akauliza hupakwa wapi. Foleni nzima ikanyamaza ili isikie.

Kuhusu ndege yenyewe sina malalamiko mapya: nilikaa na magoti yangu kifuani mpaka tulipofika.

Uwanja wa Schiphol uko chini ya usawa wa bahari, mahali palipokuwa ziwa hadi lilipokaushwa mwaka 1852, kwa hiyo nilikuwa nimeteremka kutoka mawinguni hadi chini ya bahari bila kuzungusha gurudumu hata mara moja. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kuendesha baiskeli. "Utakodi?" Nikasema hapana, nimekuja na yangu. Alinyanyua macho kwenye pasipoti, akanitazama kama mtu aliyepeleka ndoo ya maji baharini. Nchi ile ina watu wapatao milioni 18 na baiskeli zaidi ya milioni 20.

Treni ya kwenda Amsterdam haikuchukua hata nusu saa. Mbele ya stesheni kuu, chini ya maji, kuna maegesho ya baiskeli 7,000 yaliyofunguliwa mwaka 2023, na sidhani kama humo kulikuwa na hata moja isiyo na pedali. Nilitoka nje, nikaona sakafu nyekundu iliyosawazishwa vizuri, nikaweka boksi nipumzike. Kumbe ni njia ya baiskeli! Kengele zililia pande zote. Mama mmoja aliyepakia watoto wawili kwenye kisanduku cha mbele cha baiskeli yake alinipita akisema neno ambalo sikulielewa lakini lilinifika. Baiskeli yake imebeba boksi, boksi langu limebeba baiskeli. Sikuwa na la kumjibu.

Hoteli ilikuwa nyumba ya kale kando ya mfereji, na ngazi za nyumba hizo zimesimama wima kama za kupandia dari. Ndiyo maana juu ya ukuta wa mbele, karibu na paa, hutokeza boriti yenye ndoano, ili samani zivutwe kwa kamba na kupitishwa madirishani. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Nilimwuliza kijana wa mapokezi kama ndoano bado inafanya kazi. Alidhani natania.

Nilipanda. Tulipanda. Nilipofungua boksi nikakuta kila kitu ni kizima, pedali mbili zimefungwa gazeti vizuri kabisa, nikanyoosha mkono kutafuta spana.

Nikashuka tena ghorofa nne. Kijana alisema spana ya namna hiyo hana na maduka yamefungwa, ila kama natamani kuendesha usiku ule, baiskeli za kukodi za wageni zipo palepale mlangoni, nichague ninayoipenda. Nilimshukuru, nikatoka kwenda kutafuta chakula kwa miguu, pedali zangu mbili zikigongana mfukoni.