Kimchi ya mboga tupu ni kimchi kamili

Watu wanaopenda sana chakula cha Kikorea wana kauli moja inanikera, eti kimchi, zile mboga za kuchachushwa za Kikorea, isiyo na samaki sio kimchi, na vegani, yani asiyekula chochote kitokanacho na mnyama, akienda Korea ataishia kula wali mtupu. Jamani hapana.

Mtego upo, sikatai. Kimchi ya kawaida inatiwa uduvi wa chumvi au mchuzi wa samaki waliochachushwa, na supu kibao zinazoonekana ni mboga tu zimeanza na dagaa wakavu, wamechemshwa na mwani halafu wakatolewa, yani dagaa humuoni ila umeshamnywa. Kwa hiyo kumwambia mtu "agiza sundubu, ile supu ya tofu laini, ni tofu ya soya tu" ni kumpotosha.

Lakini watawa wa Kibuddha kule Korea wanapika bila nyama wala samaki karne na karne, na hata kitunguu saumu na vitunguu vingine hawagusi! Kimchi wanatengeneza vizuri tu, chumvi, pilipili, tangawizi, mchuzi wa soya, basi. Jeong Kwan, mtawa wa hekalu la Baekyangsa, wapishi wakubwa wa dunia wanamfuata hukohuko mlimani wakajifunze. Na Balwoo Gongyang, mgahawa wa chakula cha hekaluni pale Seoul, ulipewa nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa, kwenye toleo la 2017. Sasa hapo nani anasema ni chakula cha kujinyima?

Utamu wote uko kwenye soya. Inachemshwa, inapondwa, inafinyangwa matofali yanayotundikwa mpaka yashike ukungu, halafu yanalowekwa maji ya chumvi kwenye mitungi miezi kadhaa, yale maji ndo yanakuwa ganjang, yani mchuzi wa soya, na machicha yake ndo doenjang, rojo zito la soya. Ukionja doenjang ya ukweli hutauliza nyama iko wapi.

Nyumbani mimi naloweka kipande cha mwani mkavu wa dasima na uyoga mkavu wa shiitake kwenye maji baridi usiku kucha, asubuhi naweka moto mdogo, mwani nautoa kabla maji hayajachemka maana ukichelewa supu inakuwa na uchungu na utelezi, uyoga naukamua mpaka tone la mwisho, ndo nakoroga doenjang humo, natupia tofu na figili.

Ndo maana migahawa ya Kikorea inayosema "hatuwezi" siielewi, wekeni sufuria ya pili ya supu isiyo na dagaa na muandike kwenye menyu ipi ni ipi, mwani na uyoga si mnao tayari jikoni?