Nani kawaahidi wageni pomboo?

Wiki iliyopita wifi yangu kaja kutoka Dar na wanawe wawili, na mtu wa Dar akishuka bandarini Unguja mnamjua, ana mambo matatu kichwani: Forodhani, Nakupenda na pomboo. Forodhani tukaenda, Nakupenda, lile fungu la mchanga baharini, tukakuta maji yamejaa fungu lote limezama hakuna hata pa kukanyaga, ikabaki pomboo. Basi saa kumi na moja alfajiri tumo garini tunaelekea Kizimkazi, watoto wanasinzia, mie nanung'unika maana siku ya mapumziko nalala mpaka saa tatu.

Tulipita pale msikitini Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mabasi ya wageni yakaupita kama yanapita kituo cha daladala. Hayo nayaacha, nitakuja kuyaandika siku nyengine nikiwa na hasira za kutosha.

Baharini shwari kabisa. Nahodha wetu kijana mdogo, mpole, kavaa jezi ya Simba imepauka, kaanza taratibu mpaka nikafurahi. Halafu simu ikalia. "Wapi? Kwa chini? Wangapi? Haya nakuja." Akaifungua mashine yote, boti ikanyanyua pua, wifi akashika mtandio mkono mmoja na mtoto mkono wa pili.

Nilihesabu boti kumi na nne. Kumi na nne, kwa pomboo watano! Zimewazunguka kama watu wanaomzingira kuku siku ya Idi, na kila boti ina mtu kasimama mbele anapiga kelele "jampu! jampu!" na wageni wanajitupa majini chubwi chubwi chubwi na miwani yao na mapezi ya mpira, wengine hata kuogelea hawajui vizuri wanavuta maji tu, na pomboo keshazama zamani. Akiibuka kule, boti zote zinageuka zinamfuata kule, moshi wa mashine umetanda mpaka mtoto mdogo wa wifi katapika.

Sasa katika wale watano wawili walikuwa mama na mwanawe. Mtoto mdogo khasa, bado ana ile mikunjo ya ubavuni wanayozaliwa nayo, kama nguo iliyotolewa sandukuni haijapigwa pasi. Walitokea karibu na sisi, karibu kiasi cha kusikia pumzi, pfuu ya mama, halafu pfu ndogo ya mtoto, kabla hawajavuta ya pili boti moja ikakata mbele yao. Wakazama. Wakaibuka upande mwengine, boti nyengine. Mtoto wa wifi, ana miaka saba, akaniuliza: "Shangazi, wanacheza kujificha?" Nikamwambia ndio baba, wanacheza. Mpaka leo uongo ule umenikaa kooni.

Jioni nikaandika mambo mawili matatu kwenye grupu letu la wasap, na kama kawaida kila mtu akawarukia manahodha. Hawana elimu, hawana utu, wanyang'anywe leseni. Nyie watu bwana! Wengi wenu mara ya mwisho kupanda chombo ni boti ya Dar tena mlikaa ndani kwenye kiyoyozi.

Mie nilikaa nyuma karibu na yule kijana wakati tunarudi, nikamuuliza kwa nini hukusubiri kidogo. Akanambia: "Dada, kanuni naijua, unakwenda ubavuni kwake, polepole, humkati mbele, wakiwa na watoto unawaacha. Lakini hawa wageni wameshauziwa kuogelea nao. Wasipoogelea wananuna, wakinuna hamna tipu, na usiku wanaandika hotelini kwamba nahodha mbovu. Kesho anaitwa mwengine."

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwenye kosa la kwanza si anayeshika usukani, ni aliyekaa kivulini mjini anauza kitu ambacho si chake. "Ogelea na pomboo, uhakika asilimia mia." Uhakika kaupata wapi? Pomboo kamsainia mkataba? Papasi, yule dalali wa watalii wa mitaani, anauza, mapokezi ya hoteli yanauza, mwenye kampuni anauza, kila mmoja anakata chake juu, na ahadi ile inashuka mpaka kwa kijana mmoja mwenye jezi iliyopauka ambaye ndiye anayetakiwa aitimize kwa petroli. Wageni wa boti ya jirani waliniambia bei waliyolipa hotelini kwao, siitaji hapa mtasema naongopa. Na kijana akanambia kinachobaki kwake baada ya mafuta na mwenye boti kuchukua chake: hela ya mchele na mboga. Mtu wa namna hiyo utamwambia azime mashine asubiri neema?

Na ahadi yenyewe ya kijinga, maana kuogelea ndiko kunakoharibu zaidi. Ili mgeni amkute pomboo majini lazima boti iende mbele ya njia yake imtupe pale, yaani kumkata njia ndiyo kazi yenyewe. Mkiuza kuangalia tu, boti inakaa ubavuni, inakwenda mwendo wao, haina haja ya kumkata njia. Mkiuza kuogelea mmeshauza kufukuza, hata mweke nahodha mwenye digrii mbili.

Watafiti wamekaa pale Kizimkazi miaka wakiwaangalia, na walichoona ni kwamba boti zikiwepo pomboo wanapumzika kidogo na wanahamahama zaidi. Hilo hata bila utafiti mama yeyote angekwambia. Pomboo ananyonyesha chini ya maji, kidogokidogo, sekunde chache halafu mtoto apande avute pumzi arudi tena, na mama inabidi atulie. Wewe uliyejifungua juzi, fikiria kila ukikaa umnyonyeshe mtoto bodaboda kumi na nne zinazunguka nyumba zinapiga honi, kila asubuhi, Jumapili hadi Jumapili. Maziwa yatatoka? Na hawa si dagaa. Mimba mwaka mzima, anazaa mmoja, anamlea miaka. Walipohesabiwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, wale wa aina ya kawaida hawakufika mia mbili, na wale wa aina ya pili, wenye nundu, wachache zaidi.

Haya, najua mtakaloniambia. Kwamba kabla ya utalii kushika miaka ya tisini pomboo hao hao walikuwa wanavuliwa, nyama yao inafanywa chambo cha papa, na ni watalii waliomfanya mvuvi aone pomboo hai ana faida kuliko aliyekufa. Ni kweli. Nakubali, shingo upande. Na ndiyo maana sisemi wafunge, vijana wa kule wale nini.

Na jarife, ule wavu wa kuvulia papa, linaua pomboo, hilo nalo kweli. Ila chumba kimoja kikiungua huendi kuwasha cha pili.

Mafia wanaogelea na papa potwe, mbona siwasemi? Papa potwe samaki yule, hapandi juu kuvuta pumzi, hanyonyeshi. Na hata yeye anataka nafasi yake.

Kizimkazi imo ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai tangu 1997, kwa hiyo msinambie hakuna wa kuuliza. Mie ningeanza na karatasi za matangazo tu: neno "ogelea" litoke, neno "uhakika" litoke, halafu tuone. Boti mbilitatu kwa wakati, wengine wangoje zamu mwambani wakiangalia samaki, na bei ya nahodha ijulikane na mgeni aione kwenye risiti. Mgeni akinuna anune. Mbuga gani utashuka garini ukamkumbatie twiga?

Jana wifi kaniandikia, shoga zake watatu wanakuja mwezi wa nane, niwatafutie boti ya pomboo. Nikamjibu mwezi huo nyangumi wanapita, nina mzee mmoja ana boti yake mwenyewe, hatoki na watu zaidi ya sita, haogeleshi mtu na wanyama, anatoza zaidi kuliko papasi na mkirudi hamjaona kitu harudishi pesa.

Kasoma. Tiki mbili za buluu tangu jana saa mbili usiku, kimya.