Niuzieni Kiti cha Mtoto, Msinipe Bure

Desemba iliyopita, tukitoka Dar es Salaam kuelekea Moshi kuhesabiwa na ukoo kama ilivyo ada, nilikata tiketi tatu za basi: yangu, ya mke wangu, na ya binti yetu ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Kabla hatujafika Chalinze, kondakta alipakia abiria njiani, akaja hadi kwenye viti vyetu na kutuagiza tumpakate mtoto ili mgeni wake apate pa kukaa. Nilimwonyesha tiketi. Aliitazama kama anayetazama noti bandia, kisha akanieleza kwa upole wa kuudhi kwamba mtoto wa umri ule hakatiwi tiketi. Niliposhikilia msimamo wangu, sauti ikatoka viti vya nyuma: “Baba, mpakate tu huyo mtoto, kwani ana uzito gani?”

Ana uzito wa kilo 12, na kwa kuwa swali limeulizwa hadharani, naomba nilijibu hadharani. Mabasi yetu ya mikoani yanaruhusiwa kwenda kasi isiyozidi kilomita 80 kwa saa, na tuseme, kwa heshima ya madereva wote, kwamba kikomo hicho hakivukwi hata siku moja. Basi la kasi hiyo likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 12 husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na mzigo wa zaidi ya kilo 200. Hiyo ni hesabu ya fizikia ya sekondari. Hakuna mama duniani, hata awe na mapenzi kiasi gani, awezaye kuzuia mzigo wa namna hiyo kwa mikono yake, na mama asiyefunga mkanda humfuata mtoto wake kwa uzito wa mwili wake wote. Tunaposema kwamba mtoto yuko salama mapajani mwa mama yake, tunasema jambo la kufariji tu, na ukweli tumeuacha kituo cha Mbezi.

Chanzo cha haya yote ni hilo neno “bure”, ambalo wazazi wengi tunalipokea kama hisani. Mtoto anayesafiri bure hana tiketi, asiye na tiketi hana kiti, na asiye na kiti hana mkanda. Kuna jambo zito zaidi ambalo hatupendi kulitamka kabla ya safari: asiye na tiketi hana jina katika orodha ya abiria. Ikitokea ajali, Mungu apishe mbali, watu wazima watatafutwa kwa majina yao, na mtoto atajulikana iwapo tu yupo aliyebaki mzima wa kumtaja. Mimi sitaki hisani hiyo. Nataka kulipa, niandikiwe jina la binti yangu kwenye karatasi, na kiti kile kibaki chake hadi Moshi, hata kama ameamua kusafiri akiwa amesimama juu yake na kumchungulia mzee wa nyuma.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwingine nako mambo hayajanyooka. Kwenye treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtoto wa chini ya miaka minne husafiri bure, na nusu nauli huanzia miaka minne hadi 12. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili kupakatwa kwa malipo ya takriban asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Hata hivyo, kwenye ndege mtoto huyo anaandikwa jina, na siku anapotimiza miaka miwili anakuwa abiria kamili mwenye kiti chake, bila mtu yeyote kuuliza ana uzito gani. Kwenye basi sikupata kuambiwa ni siku gani mtoto anaacha kuwa mzigo wa mkononi.

Yapo na mengine. Muziki wa basi zima kwa sauti ya harusini. Kumbadilisha mtoto nepi magotini kwa kuwa pa kumlaza hapapo. Na zile dakika chache za kuchimba dawa ambazo mtu mzima mwenye haraka hazimtoshi, sembuse mtoto aliyeanza jana kukaa kwenye poti.

Najua jibu lililo tayari, maana nimekwisha kupewa na jamaa zangu mwenyewe: subirini akue. Huyu bibi yake wa Marangu, ambaye hajampakata mjukuu wake hata mara moja, naye asubiri? Sheria ya ajira inatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, na haisemi kwamba wenye watoto wachanga wazitumie kuangalia kuta za Kimara. Hoja moja tu ya hao jamaa ninaikubali, nayo ni kwamba Desemba tumejitakia wenyewe. Mtoto ambaye hajaanza shule hafungwi na ratiba ya shule, kwa hiyo tungeweza kwenda Septemba, mabasi yakiwa na nafasi na makondakta wakiwa na adabu. Ila mwajiri naye huwa na kalenda yake, na ukoo una yake.

Sidai kwamba mama mwenye nauli ya mtu mmoja alazimishwe kulipia viti viwili. Huyo aendelee kumpakata mwanawe bila malipo, lakini hata yeye jina la mtoto liandikwe kwenye tiketi yake, jambo ambalo halimgharimu mtu chochote zaidi ya mstari mmoja. Mwenye uwezo auziwe kiti, kwa nusu nauli ikiwezekana, na kwa nauli nzima ikibidi. Mimi niliilipa nzima bila kulalamika. Wenye mabasi wakisema nusu nauli itawatia hasara, basi watuambie pia ni nani aliyepokea fedha ya yule abiria wa njiani aliyetakiwa kukalia kiti nilichokwisha kukilipia, kwa sababu kwa hesabu zangu kiti hicho kilikuwa kinauzwa mara mbili, na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, ndiyo yenye mamlaka ya kuuliza hilo.