Sweta la Aran na Hadithi ya Maiti

Msikilize muuzaji akinadi sweta la Aran. Atakwambia kila ukoo katika visiwa vile vya magharibi mwa Ayalandi ulikuwa na mfumo wake wa vitanzi, ili mvuvi akizama na maiti kutupwa ufukweni, ndugu wamtambue kwa sweta. Inaliza, lakini si kweli. Chanzo chake kikubwa ni tamthilia ya 1904, ambamo dada anamtambua kaka yake kwa soksi, kwa kuwa anakumbuka vitanzi vilivyomponyoka alipokuwa akiifuma. Soksi! Koo zimetoka wapi?

Uongo wa dukani tumeuzoea. Kinachoniudhi ni kwamba unawafunika wafumaji wenyewe. Wale akina mama walifuma kutafuta pesa. Mwaka 1891 serikali ya Uingereza, iliyotawala Ayalandi wakati huo, iliunda bodi ya kuinua wilaya maskini za magharibi, na ufumaji ukawa mojawapo ya kazi zilizohimizwa. Kabla ya hapo, njaa kuu ya viazi ilipouma, wanawake wa Clones, mji wa huko Ayalandi, walishika sindano ya kroshia wakatengeneza lesi za kuuzia matajiri. Ilikuwa ajira, na ngumu kweli.

Vya nyumbani hasa havina hadithi za kuuzia. Chukua magunia ya unga, yale ya pamba. Mama aliyafumua mishono, akayaloweka, akayachemsha na kuyasugua mpaka maandishi ya kinu yatoke, kisha akayaunga kuwa shuka, foronya, hata nguo za ndani za watoto. Wino mwingine ulikuwa mkaidi, kwa hiyo watu walilalia jina la kampuni ya unga miaka na miaka. Hapo kuna ufundi: ule mshono wa katikati ukiwa mnene, unakuchoma mgongo usiku kucha, kwa hiyo ilibidi uwe bapa.

Na hapo hapo Aran kuna mkanda uitwao crios, wa sufu za rangi kali, uliofumwa bila kitanda cha mfumi: ncha moja ya nyuzi hufungwa kwenye mguu, mikono inafanya kazi. Watalii wengi hata hawaujui.

Sweta lenyewe ni zuri, silikatai. Ila kwenye lebo waondoe maiti, waandike mfumaji alilipwa kiasi gani.