Bibi Ananitaka

Kwenye daftari langu la Kihispania, ukurasa wa kwanza kabisa, niliandika kwa wino mwekundu: querer, kutaka. Nikapiga mstari chini yake, mara mbili. Mstari huo ndio ulioniponza.

Nilikuwa nimefika Salamanca, Hispania, mwezi wa Januari, kujifunza lugha kwa miezi mitatu. Kumpeleka mtu wa Tanga Salamanca mwezi wa Januari ni kumtia samaki kwenye friji angali hai. Nikapanga chumba kwa mjane mmoja wa miaka 74, mpole kama njiwa. Sebuleni alikuwa na meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito hadi sakafuni, na chini yake hita. Wenyewe huiita mesa camilla. Mnaingiza miguu humo, mnavuta kitambaa mpaka mapajani, mnatazama tamthilia. Kila usiku miguu yetu iligusana humo chini, wala sikuwaza lolote.

Darasani mambo yalikwenda vizuri. Quiero pan, nataka mkate. Quiero agua, nataka maji. Nikakiona kitenzi cha maana hicho, kinakulisha na kukunywesha.

Wiki ya tatu mafua yakanilaza. Bibi akaniletea supu ya dengu, akanipangusa jasho, akanishika shavu, akanitazama machoni: «Te quiero mucho, hijo.»

Nikatafsiri papo hapo. Te, wewe. Quiero, nataka. Mucho, sana. Hijo, mwanangu.

Nakutaka sana, mwanangu.

Supu ikanipalia. Usiku ule niliegemeza kiti mlangoni, nikapandisha sanduku juu yake, kisha nikapiga simu nyumbani.

«Shikamoo mama. Mwenye nyumba ananitaka.»

«Marahaba. Ana umri gani?»

«Sabini na nne.»

Kimya. «Na mumewe?»

«Alishafariki.»

«Inna lillahi. Kwa ugonjwa gani?»

Sikujua. Akaniambia nisome Ayatul Kursi, na hiyo supu nisiiguse tena.

Asubuhi nilikaa mezani, miguu nje ya kitambaa, baridi na iniue. Nikasema polepole, kwa adabu zote, hata usted, «wewe» ya heshima, nikaitumia, maana shikamoo hawana: «Señora, yo no la quiero.» Mama, mimi sikutaki. Kisha nikakaza, asije akabaki na tamaa: «Nada.» Hata kidogo.

Bibi akaweka kikombe chini. Midomo ikamtetemeka. «¿Nada?»

«Nada,» nikajibu kiume.

Akalia. Akampigia binti yake, binti akaja mbio pamoja na jirani, mwanamke wa ghorofa ya chini ambaye hapitwi na jambo. Nikatoa daftari kama ushahidi, nikamfafanulia lile neno kutaka. Binti akasoma, akanyamaza, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kumbe querer ukiielekeza kwa mkate ni kutaka, ukiielekeza kwa mtu wako ni kupenda. Mama humwambia mwanawe te quiero, bibi humwambia mjukuu. Kitenzi amar, kupenda, nacho kipo, ila ni kizito, cha mashairi na viapo. Cha kila siku ni hichohicho cha mkate. Kilitoka kwenye Kilatini, quaerere, kutafuta. Laiti mwalimu angelitaja hilo kabla sijanunua wino mwekundu!

Binti akamnong'oneza mama yake nilichodhani. Bibi akaziba mdomo, akatoa macho, kisha akanichapa shingoni kwa kitambaa cha vyombo. Hukumu ikatoka: niseme upya, mbele ya jirani.

«Señora, la quiero mucho.»

Kwao nilisema nampenda. Masikio yangu ya Tanga yalisikia namtaka, uso ukaniwaka moto. Jirani akapiga makofi.

Jioni nikampigia mama, nikamweleza kinagaubaga, querer hii na querer ile. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

«Nimekuelewa, mwanangu,» akasema. «Lakini kile kiti kiache palepale mlangoni.»