Vinasaba vya pembe za ndovu na mipaka ya ushahidi wake

Abiria anayesubiri pantoni pale Magogoni, Dar es Salaam, huziona meli za makontena zikipita mlangoni mwa bandari, karibu kiasi cha kuyasoma maandishi ya ubavuni. Kuna miaka ambayo makontena yaliyopakiwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki yalikutwa na pembe za ndovu zilizofichwa chini ya bidhaa halali. Aliyejulikana zaidi kwa kutumia vinasaba kutambua pembe za namna hiyo zimetoka wapi ni Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mtafiti ambaye kazi zake za mwanzo alizifanya hapa nchini, akiwachunguza nyani wa Mikumi. Je, elimu hiyo imewafaa tembo kwa kiasi gani?

Kwa nyani alijifunza kusoma homoni katika kinyesi bila kumkamata mnyama. Baadaye njia hiyo ilihamia kwa tembo, kwa kuwa kinyesi hubeba chembe za utumbo zenye vinasaba, na vilipokusanywa kutoka pande nyingi za bara ikapatikana ramani ya vinasaba vya tembo. Ramani hiyo inategemea historia ya mageuzi: familia za tembo hukaa katika maeneo yao vizazi kwa vizazi, hivyo tofauti ndogo hujikusanya kadiri umbali unavyoongezeka, na kati ya tembo wa msituni na wa savana tofauti ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliwaorodhesha kama spishi mbili. Pembe inapokamatwa, hukatwa kipande kidogo, kikagandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika na kusagwa kuwa unga, maana joto la kusaga bila baridi hiyo lingeviharibu vinasaba vyenyewe; kisha vinasaba hivyo hulinganishwa na ramani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalituhusu moja kwa moja. Sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana katika shehena kubwa zilizokamatwa tangu 2006 ilitoka Afrika Mashariki, hasa pori la akiba la Selous na Niassa ya Msumbiji. Ikumbukwe kwamba mwaka 2010, huko Doha, Tanzania iliomba kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, cha kuuza takriban tani 90 za pembe zilizokuwa ghalani, ikakataliwa. Wasser alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliopinga ombi hilo. Kwa waliokasirika wakati ule, mgeni alikuwa akitupangia mali yetu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, lakini hesabu za tembo wetu, waliokuwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009 na wakabaki wapatao 43,000 mwaka 2014, ziliidhoofisha sana.

Hata hivyo, hesabu hizo hizo ndizo silaha ya wanaoitilia shaka kazi hii. Zilipatikana kwa ndege ndogo na watu wa kuhesabu. Maabara haikuhitajika ili kujua kwamba Selous inakwisha. Isitoshe, kinasaba hutaja mahali tembo alipouawa, hakimtaji aliyelipia risasi. Yang Fenglan, raia wa China aliyehukumiwa na Mahakama ya Kisutu mwaka 2019 kifungo cha miaka 15 kwa biashara haramu ya pembe za ndovu, alikamatwa baada ya kufuatiliwa na wapelelezi, kazi ya miguu na subira.

Mimi naona wakosoaji hawa wana haki nusu tu. Mwaka 2018 Wasser na wenzake walionyesha kwamba pembe mbili za tembo mmoja hukutwa katika shehena tofauti, nyingi zikiwa zimepitia bandari ile ile kwa muda usiopishana sana, jambo linaloashiria mkono mmoja nyuma ya mizigo ambayo mahakamani ingeshtakiwa kama kesi zisizohusiana. Hapo kinasaba kinamkaribia mhusika, jambo ambalo hesabu ya ndege haiwezi.

Udhaifu ninaouona uko kwingine. Utaalamu mwingi wa kazi hii ulijengwa Seattle, Marekani, kwenye chuo cha Wasser, ilhali kesi husikilizwa huku, na pembe ni kielelezo kama vielelezo vingine. Wakili wa utetezi akiuliza kipande kilikatwa na nani, siku gani, na kilitunzwa wapi kabla ya kusafirishwa, ramani ya vinasaba haina jibu. Jibu linatakiwa litoke katika daftari la ofisa aliyekuwa zamu siku kontena lilipofunguliwa.